Kinampigia nani? Namna ya kuchagua kitoa ishara cha dharura kwa safari za Ziwa Victoria

Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Waliokufa walikuwa 228. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilitumbukia ziwani ikielekea kutua Bukoba. Watu 19 walipoteza maisha na 24 wakapona, na waliowahi kufika kwenye ndege walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Nimeanza na ajali hizi mbili kwa sababu ndizo hutajwa kila mara mazungumzo yanapofika kwenye vifaa vya kutoa ishara ya dharura kwa setilaiti. Mtu husema: laiti wangekuwa nacho. Lakini kote kuwili watu walizama mbele ya macho ya wenzao waliokuwa nchi kavu. Hakuna aliyekuwa akiuliza wako wapi.

Kitoa ishara hujibu swali hilo moja tu: uko wapi? Hakivuti mtu majini, hakina boti, hakina mafuta ya injini. Thamani yake inaonekana kwenye ajali ya aina nyingine, ile isiyoingia kwenye taarifa ya habari. Mtumbwi wa dagaa umeondoka kisiwa cha Goziba jioni na watu wanne, injini imezimika saa nane usiku, upepo unausukuma kusikojulikana, na mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha, wanaanza kuhesabu mitumbwi iliyorudi kesho yake saa tatu asubuhi. Kwa safari kama hiyo kifaa cha ukubwa wa kiganja kinaweza kuwa ndicho kinachotenganisha kupatikana na kutopatikana, kama kimechaguliwa vizuri.

Ziwa lenyewe lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Mchana jua linapasha nchi kavu kuliko maji, hivyo upepo unatoka ziwani kwenda pwani na mvua nyingi zinajengeka juu ya ardhi. Usiku mambo yanageuka. Ardhi inapoa upesi, ziwa linabaki na joto lake, na upepo unaanza kutoka pwani za pande zote kuelekea katikati. Hewa hizo zikikutana juu ya maji yenye uvuguvugu hazina pa kwenda ila juu, na hapo ndipo radi na upepo mkali vinapozaliwa, kati ya usiku wa manane na alfajiri. Na dagaa huvuliwa saa hizo hizo, kwa taa, tena usiku usio na mbalamwezi, giza likiwa totoro. Utabiri wa ziwa unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, unasaidia kuamua kama utoke au ubaki. Ukishatoka, umeshatoka.

Kuna jambo jingine kuhusu ziwa letu ambalo miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya bahari za kaskazini hailioni. Maji yake ni ya vuguvugu, nyuzi joto 25 hivi. Kwenye maji ya Norway mtu aliyeangukia baharini bila nguo maalumu anaishiwa nguvu haraka kwa baridi, hata ishara yake ikipokelewa papo hapo. Hapa, mwenye jaketi la kuokolea linalomkaa vizuri anaweza kuelea usiku kucha na bado akawa hai jua likichomoza. Ana muda wa kutafutwa. Asiye na jaketi hana muda huo, na kwake kitoa ishara cha dola mia nne kitaonyesha mahali pa kutafuta maiti. Nasema wazi mapema: kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nunua majaketi, uyavalishe watu, makala hii utaisoma msimu ujao.

Wengi wetu tunategemea simu, na siyo upumbavu. Karibu na Mwanza, Nansio au Sengerema simu inashika, na 112, namba ya dharura ya polisi, hupigwa bila malipo. Lakini mnara wa GSM, ule unaohudumia kitochi, una kikomo cha kiufundi cha kilomita 35 hata kama hakuna kilima wala jengo la kuzuia, na kwa mtu aliyekaa usawa wa maji huku mawimbi yakipita mbele yake umbali halisi huwa pungufu. Halafu simu hulowa. Mfuko wa plastiki usiopitisha maji unauzwa bei ya soda chache na kila anayevuka anapaswa kuwa nao, ila usidhani umemaliza kazi. Ukifika pale ambapo sauti ya dada inakwambia namba unayopiga haipatikani kwa sasa, unahitaji kifaa kisichotegemea mnara.

Vifaa hivyo viko vya koo mbili, na mkanganyiko mwingi unatokana na watu kuviweka kapu moja.

Ukoo wa kwanza ni ule wa masafa ya megahezi 406, unaotumia mfumo wa kimataifa uitwao Cospas-Sarsat. Ulianzishwa na Marekani, Kanada, Ufaransa na Umoja wa Kisovyeti, katikati ya uhasama wa Vita Baridi, na uokoaji wake wa kwanza ulikuwa Septemba 1982, wa watu watatu wa ndege ndogo iliyoanguka Kanada. Kifaa kikiwashwa hutuma mpigo mfupi wa redio, wa nusu sekunde hivi, kila baada ya sekunde 50 hivi, kwa nguvu ya wati 5. Ndani ya mpigo huo mna namba ya kifaa, na kama kina GPS, mna pia mahali kilipo. Setilaiti inaupokea na kuushusha kwenye kituo cha ardhini, kituo kinaupeleka kwenye kituo cha udhibiti, nacho kinaupeleka kwa waratibu wa uokoaji wanaohusika na eneo hilo.

Setilaiti zenyewe ziko za aina tatu. Zipo zinazozunguka chini, kilomita takriban 1,000 juu yetu, ambazo hukisia mahali ulipo kwa jinsi masafa yanavyobadilika zikikukaribia na kukupita. Makosa yake ni ya kilomita kadhaa, na inabidi usubiri ipite. Zipo zilizosimama juu ya ikweta, kilomita 36,000, zinazokuona muda wote lakini haziwezi kukisia lolote kwa sababu hazisogei ukilinganisha na wewe. Na siku hizi zipo za katikati, zile zile za mifumo ya kuonyesha mahali, GPS, Galileo na GLONASS, zilizobebeshwa mitambo ya kupokea ishara za dharura. Hizi zinakupata ndani ya dakika chache. Sisi tuna bahati ya kijiografia. Mwanza iko chini kidogo tu ya ikweta, hivyo setilaiti zilizosimama zinatutazama kutoka juu angani, si pembeni mwa upeo wa macho kama zinavyomtazama mtu wa kaskazini ya mbali. Lakini kwa kuwa hazijui kukisia, faida hiyo unaipata tu kama kifaa chenyewe kinataja mahali kilipo. Ndiyo maana nasema bila kusita: usinunue cha 406 kisicho na GPS ndani. Tofauti ni kati ya kutafutwa kwenye mita mia moja na kutafutwa kwenye kilomita tano za maji meusi.

Katika ukoo huu msafiri wa majini anakutana na majina mawili kwenye maboksi. EPIRB ni ya chombo. Inaelea ikiwa wima, antena juu, inafanya kazi ikiwa ndani ya maji, na betri yake lazima itume ishara kwa saa 48 angalau. Zipo zinazofungwa kwenye kishikio ambacho shinikizo la maji hukifungua chenyewe chombo kikizama mita chache, kifaa kikapanda juu na kujiwasha bila mtu kukigusa. PLB ni ya mtu. Ni ndogo, inaingia mfuko wa shati, hutuma kwa saa 24 angalau, na ni lazima uiwashe mwenyewe, kwa mkono wako, kisha uhakikishe antena inatazama mbingu. Nyingi huelea, lakini hazikuundwa kufanya kazi zikiwa zimelala majini peke yake. Zinatakiwa kushikwa, au kufungwa begani juu ya jaketi. Aina zote mbili hutoa pia ishara dhaifu ya megahezi 121.5, ambayo waokoaji wenye kifaa cha kuifuatilia huitumia kukusogelea wakishakuwa karibu.

Hiyo 121.5 ina mtego wake. Vifaa vya zamani vilitumia masafa hayo peke yake. Setilaiti ziliacha kuyasikiliza Februari 1, 2009, ila vifaa vyenyewe havikuyeyuka. Ukitafuta cha bei ya kutupa mtandaoni unaweza kukutana navyo. Ukikiwasha katikati ya ziwa, hakuna setilaiti itakayokusikia.

Ukoo wa pili ni wa vifaa vya ujumbe kwa setilaiti, vya biashara, vyenye malipo ya mwezi kama kifurushi. inReach ya Garmin hutumia setilaiti 66 za Iridium, zinazopasiana ujumbe zenyewe kwa zenyewe huko juu, hivyo haijalishi kama kuna kituo cha ardhini karibu nawe. SPOT hutumia Globalstar, ambayo setilaiti yake ni lazima ikuone wewe na ione kituo cha ardhini kwa wakati mmoja. Penye upungufu wa vituo panakuwa na mapengo. Kabla ya kununua SPOT kwa matumizi ya Afrika fungua ramani ya huduma yao uitazame vizuri, usikubali neno la muuzaji kwamba "inashika dunia nzima". Vivyo hivyo kwa simu za kisasa zinazotangazwa kuwa na dharura ya setilaiti, kuanzia iPhone 14: huduma hufunguliwa nchi kwa nchi, na simu inayofanya hivyo Marekani inaweza isifanye lolote Ukerewe.

Mama mmoja mwenye mitumbwi ya dagaa pale Igombe aliwahi kuonyeshwa PLB na kijana wake aliyetoka nayo safari. Akaigeuzageuza mkononi, akauliza: "Haya mwanangu, nikibonyeza hapa kinampigia nani?" Kijana akajibu, "Setilaiti, mama." Mama akasema, "Setilaiti ina mtumbwi?"

Swali lake ndilo ningependa kila mnunuzi alianze, kabla ya rangi, uzito na bei. Ukibonyeza PLB au EPIRB, taarifa inafika kwa waratibu wa serikali. Kwa upande wa Tanzania uratibu wa utafutaji na uokoaji majini uko chini ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, na mradi wa mawasiliano na usafirishaji wa Ziwa Victoria, unaozihusisha Tanzania na Uganda, ulijumuisha kituo cha uratibu hapa Mwanza. Mratibu akipokea, ana mahali ulipo na namba ya kifaa. Haoni jina lako, wala aina ya mtumbwi, wala kama mko wawili au kumi na wawili, isipokuwa umekisajili kifaa na kuandika hayo. Anachoweza kufanya baada ya hapo kinategemea boti iliyo karibu. Na boti iliyo karibu, mara nyingi kwenye ziwa hili, ni ya mvuvi mwenzako.

inReach hufanya kazi tofauti. Kitufe chake cha dharura humwita mfanyakazi wa kampuni huko Texas, ambaye atatafuta mamlaka husika ya nchi yako na kuwasiliana nayo. Ukiniuliza, hicho ndicho kiungo dhaifu. Nguvu yake kwetu iko kwenye kitu kingine kabisa: kinaandika ujumbe wa kawaida na kupokea majibu. Ukimwandikia mtu wako wa mwaloni, "Injini imekufa, tuko hapa, wote salama, tunahitaji kuvutwa," pamoja na mahali mlipo, anaweza kuwasha mashine ndani ya nusu saa. Tena anakujibu kwamba anakuja, na ninyi mnajua mkae na chombo badala ya kuanza kuogelea. PLB haikupi jibu. Baadhi ya mpya zinazotumia Galileo zina taa inayowaka kuonyesha kwamba mfumo umeipokea ishara, huduma iliyoanza 2020, lakini taa hiyo haisemi kwamba kuna mtu ameshaondoka kuja.

Jambo ambalo miongozo mingi huliruka ni kwamba shida nyingi za ziwani si kuzama. Ni injini kufa, mafuta kuisha, nyavu kunasa kwenye pangaboi, mgonjwa wa malaria kambini kisiwani. Kubonyeza PLB kwa ajili ya mafuta kuisha ni matumizi mabaya ya mfumo, na watu hawabonyezi, wanasubiri, mpaka hali inakuwa ya kufa na kupona usiku wa dhoruba. Kifaa cha ujumbe kinakupa nafasi ya kuomba msaada mapema, shida ikiwa bado ndogo.

Hasara zake nazo ni za kweli. Betri yake ni ya kuchajiwa, na kambi yenye sola moja ya kugombania na taa itaisahau. Malipo ya mwezi yakikatika, kifaa kimekuwa jiwe. PLB hukaa na betri yake iliyofungwa miaka 5 hadi 7 bila kudai senti, ikisubiri siku moja. Kwa bei, PLB nzuri huko nje ni kati ya dola 300 na 450, EPIRB huanzia hapo na kupanda, inReach ndogo iko kwenye kiwango hicho hicho kisha unaongeza kifurushi. Kwa shilingi, hakuna hata kimoja kitakachokugharimu chini ya laki saba kabla ya usafiri na ushuru.

Kwa hiyo nani achukue nini? Tajiri mwenye mitumbwi mikubwa inayolala mbali, au mwenye boti ya mbao inayobeba abiria na mizigo visiwani, ningemwambia EPIRB, moja kwa kila chombo, kwa sababu chombo kikipinduka gizani hakuna wa kutafuta kifaa mfukoni. Mtafiti, mwongoza watalii, au mtu anayekwenda Rubondo kisha akaunganisha misitu ya Burigi-Chato ambako hata nchi kavu hakuna mnara, ningempa kifaa cha ujumbe, kwa kuwa mahitaji yake mengi yatakuwa mazungumzo. PLB inamfaa anayesafiri peke yake au na chombo cha watu asiowajua, na anayejua hatakumbuka kuchaji kitu. Kwa wavuvi wanne wenye mtumbwi mmoja wa kukodi, kusema kweli bei bado haiko upande wao. Vikundi vya BMU, vile vya wavuvi vya kulinda rasilimali za uvuvi mwaloni, vingeweza kununua vichache na kuvikodisha kwa zamu kwa wanaokwenda mbali, na sioni kwa nini mwalo unaoweza kuchangia mafuta ya doria ushindwe hilo.

Vitoa ishara vya AIS (mfumo ambao meli hutumia kutambuana), vinavyofungwa kwenye jaketi na kutokeza alama kwenye skrini ya meli zilizo karibu, ni vizuri sana pale ambapo meli zilizo karibu zina skrini. Mitumbwi ya dagaa haina. Redio ya VHF ya mkononi, chaneli 16, nayo hufika kilomita chache tu na inahitaji mwenye redio upande wa pili. Meli za abiria zinazo. Kwa mvuvi wa kawaida tuendelee.

Kabla ya kulipa, hasa kama unaagiza nje au ndugu anakutumia, kuna mambo ya makaratasi. Kila kifaa cha 406 kimeandikwa ndani yake namba ya nchi yenye tarakimu tatu: Tanzania ina 674 na 677, Kenya 634, Uganda 675. Cha Marekani kitakuja na ya Marekani, na ukikiwasha huku eneo lako litajulikana, lakini taarifa za mwenyewe zitaanza kutafutwa Marekani. Mwambie muuzaji akiandike upya kabla hajakituma, au kipeleke kwa fundi aliyeidhinishwa na kiwanda. Uliza TASAC kifaa kisajiliwe wapi. Ipo pia hifadhidata ya kimataifa ya Cospas-Sarsat, isiyolipiwa, kwa nchi zinazoiruhusu. Na kwa kuwa hivi ni vifaa vinavyorusha mawimbi ya redio, uidhinishaji wake uko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kwa hiyo uliza kabla mzigo haujakwama forodhani. Kilichokwisha kutumika ambacho hakijafutwa usajili wa mmiliki wa kwanza kiache. Siku ya ajali watampigia yeye, atasema yuko nyumbani anakunywa chai, na faili litafungwa.

Ukishakuwa nacho, kikae mwilini. Kilichowekwa ndani ya begi, begi likawekwa chini ya mbao za mbele, kitazama na mbao hizo. Kifungwe kwa kamba kwenye jaketi, na kila aliyemo chomboni ajue kinavyofunguliwa, maana anayeanguka na kupoteza fahamu anaweza kuwa ni mwenye nacho. Kijaribu kwa kitufe cha majaribio tu, kama kitabu chake kinavyoelekeza, kamwe usikiwashe "kuona kama kinafanya kazi". Ishara nyingi zinazopokelewa duniani ni za bahati mbaya, na kila moja humchosha mratibu. Kikiwaka kwa makosa, usikizime ukanyamaza: kizime, kisha piga simu kwa waratibu useme ni makosa. Cha zamani kisitupwe jalalani kikiwa na betri, kwa sababu kuna siku kitawaka na watu watatumwa kutafuta ajali kwenye dampo la Buhongwa.

Kwenye fomu ya usajili kuna nafasi ya watu wa kupigiwa simu. Usimweke uliyenaye chomboni. Weka wawili walioko nchi kavu: mmoja wa nyumbani, na mmoja wa mwaloni anayejua mlikwenda upande gani, mlikuwa wangapi na mlisema mtarudi saa ngapi, tena ambaye simu yake haizimwi usiku. Mmoja wao akibadilisha laini, ingia ubadilishe na kwenye fomu.